Siku Nne za Historia ya Watu Weusi Chuoni Arusha: Bango la Nyuma ya Mlango

Mwezi Februari mwaka huu chuo kimoja cha hapa Arusha kilifungua milango yake kwa siku nne, kuanzia Jumatano hadi Jumamosi, ili wanafunzi na wananchi washiriki pamoja kuadhimisha historia na utamaduni wa watu weusi wa Marekani, wa visiwa vya Karibi na wa Afrika. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000 kwa mtu mzima kwa siku zote nne, shilingi 2,000 kwa mwanafunzi wa chuo, na bure kwa mwanafunzi wa sekondari aliyevaa sare ya shule. Nilihudhuria siku zote, na siku ya pili nilimpeleka mama yangu mzazi, ambaye amekwishavuka miaka 80. Naandika tathmini hii kwa sababu waandaaji wametangaza kwamba shughuli itarudiwa mwakani, na kwa sababu ndani yake zilikuwamo saa mbili ambazo ningelipa kiingilio mara kumi ili nizipate tena. Nadhani waandaaji wenyewe hawakujua walikuwa wameshika nini mikononi mwao.

Maonesho ya picha na maandishi yalipangwa katika ukumbi wa chini wa maktaba. Yalikuwa mabango 24 ya kitambaa, yaliyotundikwa kuuzunguka ukumbi kwa mtiririko wa miaka. La kwanza lilimhusu Carter G. Woodson, nalo lilikuwa miongoni mwa mabango yaliyoandikwa vizuri zaidi. Woodson alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Virginia, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1912. Mwaka 1915 aliunda chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi, na mwaka 1926 akaanzisha juma moja la kuikumbuka historia hiyo katika mwezi Februari. Bango lilieleza kwa ufasaha sababu ya kuchagua mwezi huo: tayari watu weusi wa Marekani walikuwa na desturi ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Abraham Lincoln, rais aliyetangaza uhuru wa watumwa, tarehe 12, na ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinzani mashuhuri wa utumwa, tarehe 14. Woodson hakuwaletea watu sikukuu mpya wasiyoijua. Aliikuta desturi yao, akaitia elimu ndani yake. Nimefundisha historia sekondari kwa miaka 26, na sikuwahi kuliona jambo hilo likielezwa kwa maneno machache namna ile.

Kutoka kwenye juma la Woodson mabango yalihamia vyuoni, na hapo ndipo maonesho yalipopata nguvu. Chuo cha Fisk kilianzishwa Nashville mwaka 1866, mwaka mmoja tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa. Kilipokabiliwa na ukata, wanafunzi wake waliunda kwaya na mwaka 1871 wakaanza safari ya kuimba nyimbo za wazee wao waliokuwa utumwani, na fedha walizochangisha zikakinusuru chuo. Bango jingine lilionesha vijana wanne wa chuo cha kilimo na ufundi cha North Carolina, ambao tarehe 1 Februari 1960 waliketi kwenye kaunta ya chakula mjini Greensboro, mahali ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi, wakakataa kuondoka. Likafuata bango la mgomo wa wanafunzi wa San Francisco State ulioanza mwaka 1968 wakidai masomo ya historia na utamaduni wa watu weusi yafundishwe kwa hadhi ile ile ya masomo mengine. Kisha likaja la Chuo Kikuu cha Kent State, ambako wanafunzi na walimu weusi mwaka 1969 walipendekeza juma la Woodson liwe mwezi mzima, wakauadhimisha kwa mara ya kwanza mwaka 1970, miaka sita kabla ya Rais Gerald Ford kuutambua mwezi huo mbele ya taifa.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu yanabeba maana ya shughuli nzima. Maadhimisho haya, tangu yalipoingia vyuoni, hayakuwa burudani iliyopangwa na ofisi ya mkuu wa chuo. Yalidaiwa na wanafunzi, baadhi yao wakafukuzwa masomo na wengine wakakamatwa na polisi. Kijana wa mwaka wa pili aliyekuwa akituongoza ukumbini alilielewa jambo hilo kikamilifu. Alituambia kwa Kiswahili kizuri kwamba alipoanza kuyasoma maandishi hayo alijiuliza ni jambo gani yeye mwenyewe amewahi kulidai chuoni kwake zaidi ya maji bwenini. Aliliuliza kwa dhati, na kundi zima likanyamaza.

Kasoro kubwa ya maonesho ilikuwa lugha. Mabango yote 24 yaliandikwa kwa Kiingereza pekee, kwa herufi ndogo, na mengine yalitundikwa juu kiasi kwamba mtu wa kimo cha kawaida alilazimika kuinua shingo. Tangazo lililobandikwa mitaani lilikuwa la Kiswahili na liliwakaribisha wananchi wote, nao waliitikia: niliwaona akina mama waliotoka sokoni na vikapu vyao, mafundi, na wazee wawili waliovaa makoti yao ya kanisani. Watu hao walitazama picha, wakasogea bango kwa bango kwa adabu, wakatoka. Si haki kumtoza mtu shilingi 5,000 kisha kumnyima maneno. Kijana mmoja wa kuongoza hawezi kuwa sauti ya ukumbi mzima, na alipokwenda kula mchana hapakuwa na wa kushika nafasi yake. Kuandaa karatasi moja ya Kiswahili chini ya kila bango kungegharimu fedha kidogo kuliko ile iliyotumika kwenye maputo yaliyofungwa langoni.

Sehemu iliyohusu Tanzania ilikuwa fupi lakini sahihi. Ilieleza kwamba Malcolm X, mtetezi wa haki za watu weusi wa Marekani, alifika Dar es Salaam mwezi Oktoba 1964 na kukutana na Mwalimu Nyerere, kwamba mwanahistoria Walter Rodney wa Guyana alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 1974, na kwamba mwezi Juni mwaka huo huo chuo hicho kilipokea Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, la kwanza katika mfululizo ule kufanyika katika ardhi ya Afrika. Yote ni kweli na yote ni muhimu. Hata hivyo, mtu aliyeyasoma angeondoka akidhani kwamba historia hii ilipita Dar es Salaam na kuishia huko, na kwamba Arusha na Moshi zilikuwa zikiitazama kutoka mbali.

Ijumaa nitaizungumzia kabla ya Alhamisi, kwa kuwa Alhamisi inahitaji nafasi yake.

Mchana wa Ijumaa kiliandaliwa chakula uwanjani, shilingi 6,000 kwa sahani. Kulikuwa na wali uliopikwa pamoja na kunde, kuku wa kukaanga, mboga za majani, mkate wa mahindi, na mchuzi mzito wa bamia. Kuku alikuwa amekauka, na mkate wa mahindi ulikuwa mtamu kupita kiasi kwa mtu aliyezoea ugali. Lakini wali wa kunde ulikuwa mzuri sana na niliongeza. Nilichokithamini zaidi ni maelezo ya wapishi, ambao walikuwa wanafunzi wa hoteli. Walieleza kwamba kunde na bamia ni mazao ya Afrika yaliyovuka bahari wakati wa biashara ya watumwa, na kwamba jina la mchuzi ule maarufu wa Louisiana, gumbo, linatokana na neno la bamia katika lugha za Kibantu za Angola. Mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliuliza mara mbili ili ahakikishe amesikia vizuri, kisha akasema, "Kumbe hata sahani ina ukoo." Pembeni kulikuwa na mama mmoja aliyeruhusiwa kuuza loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando kwa shilingi 2,000 kwa bakuli, na sufuria yake ndiyo iliyokwisha kwanza. Mwakani nashauri awekwe kwenye meza kuu, kwa kuwa wageni kadhaa kutoka nje walimtafuta wasimwone.

Jioni ya Ijumaa wanafunzi walituonesha sherehe ya Kwanzaa, ambayo kwa kawaida huadhimishwa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari. Walitandika mkeka, wakaweka kinara cha mishumaa saba, mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu na mitatu ya kijani, wakapanga mazao na kikombe cha umoja, wakawasha mshumaa kwa kila msingi: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Sherehe hii ilianzishwa California mwaka 1966 na Maulana Karenga, na jina lake limetokana na maneno matunda ya kwanza, likaongezewa herufi moja mwishoni. Kwa Mswahili ni jambo la kugusa moyo kuona kwamba watu ambao babu zao walinyang'anywa lugha walipotafuta lugha ya kusemea matumaini yao, waliichagua hii yetu, ingawa wengi wa wazee wao walitoka pwani ya magharibi ya Afrika na huenda hawakuwahi kuisikia.

Mjadala uliofuata ulikuwa wa kiwango cha juu. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba sisi kwa kawaida husema kujiamulia, na kwamba kujichagulia kunamfanya afikirie mtu anayechagua nguo mnadani. Mwenzake akamjibu kwamba mtu aliyewahi kuchaguliwa na wengine kwenye soko la watumwa ana haki kamili ya kulipenda neno hilo. Sijasikia ufafanuzi bora wa neno hilo mahali popote. Juu ya ujima, mwalimu mmoja alikumbusha kwamba vitabu vyetu vya historia vimelitumia neno hilo kwa mfumo wa kwanza kabisa wa maisha ya jamii, kabla ya ukabaila, hali wenzetu wamelirudisha kwenye maana yake ya zamani ya watu kusaidiana kazi. Ujamaa ndio ulioleta moto. Kwa familia inayouwashia mshumaa Chicago, ujamaa ni kuungana kununua kwenye maduka ya watu weusi na kuyajenga. Kwa mzee aliyesimama ukumbini, ujamaa ni kijiji alichohamishiwa katika miaka ya 1970, na aliyasimulia mambo hayo bila chuki, akitaja mazuri na mabaya.

Mwendesha mjadala alitoa tarehe mbili ambazo sikuwahi kuziweka pamoja. Kwanzaa ya kwanza ilimalizika tarehe 1 Januari 1967. Wiki tano baadaye, tarehe 5 Februari, Azimio la Arusha lilitangazwa, na neno ujamaa, ambalo Mwalimu alikuwa ameanza kulifafanua tangu mwaka 1962, likawa sera ya nchi. Kufikia mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Cornell, jimboni New York, kilikuwa na bweni la wanafunzi lenye jina la Ujamaa, na lipo hadi leo. Ratiba haikuwa na ziara ya Makumbusho ya Azimio la Arusha, ambayo yako hapa hapa mjini karibu na mnara wa Mwenge, na hilo ni pengo ambalo waandaaji wanaweza kuliziba kwa urahisi kabisa.

Jumamosi ilikuwa ya kwaya na ngoma. Kwaya ya wanafunzi iliimba nyimbo za kale za watumwa kwa sauti nne. Vipaza sauti vilikuwa vikikoroma tangu mwanzo, na baada ya wimbo wa pili kiongozi wa kwaya aliamuru vizimwe. Tangu hapo uimbaji ukawa wa kiwango ambacho mtu aliyekulia katika kwaya za Kilutheri za mkoa huu anakitambua na kukiheshimu. Kikundi cha vijana walioonesha uchezaji wa kupiga miguu na makofi, kama ufanywavyo na vyama vya wanafunzi weusi wa Marekani, kilifurahisha, ingawa kilichukua muda mrefu kuliko kilivyostahili. Kwa sababu hiyo, maelezo kuhusu kijiji cha Imbaseni yalibanwa hadi dakika 20. Imbaseni iko Meru, si mbali na mahali tulipokuwa tumeketi. Pete O'Neal, aliyeongoza mjini Kansas City tawi la Black Panther, chama cha watu weusi wa Marekani waliopigania haki zao, aliondoka Marekani baada ya kuhukumiwa kwa kosa la kusafirisha silaha, akapitia Algeria, akafika Tanzania mwaka 1972, na mwaka 1991 yeye na mkewe Charlotte walianzisha kituo cha jamii kijijini hapo. Katika kijiji hicho hicho alifariki mwaka 2011 Geronimo ji-Jaga, mwenzake wa Black Panther, aliyefungwa Marekani kwa miaka 27 kabla ya mahakama kuitengua hukumu yake mwaka 1997. Historia hiyo ingestahili jioni nzima.

Sasa nirudi kwenye Alhamisi.

Mhadhara ulitangazwa kuanza saa tisa alasiri, ukaanza saa kumi na dakika ishirini. Ukumbi ulikuwa ghorofani, ngazi hazikuwa na mahali pa kujishikilia, na mama yangu alipandishwa na wasichana wawili wa mwaka wa kwanza waliomshika mikono huku wakimwamkia. Nawashukuru sana. Chuo kinachoalika wazee kingepaswa kuwa na ukumbi wa chini kwa ajili yao.

Mhadhiri alianza na Chuo Kikuu cha Howard, kilichoanzishwa Washington mwaka 1867, akaeleza jinsi kilivyowalea mawakili na wasomi waliopigania haki. Nilidhani tutabaki Washington jioni nzima. Kisha akalitaja jina la Ralph Bunche, mwalimu wa siasa wa Howard ambaye baada ya vita vya pili alikwenda kufanya kazi Umoja wa Mataifa, akaongoza idara iliyosimamia nchi za udhamini, yaani zilizotawaliwa na mataifa mengine chini ya uangalizi wa Umoja huo, na mwaka 1950 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo za udhamini. Halafu akataja jina la pili, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, mtu mweusi aliyesoma Howard na baadaye akafungua ofisi ya uwakili Moshi. Na hapo mhadhiri akabadili picha ukutani, ikatokea ramani ya Ngare Nanyuki.

Mama yangu hasomi Kiingereza, lakini ramani ile aliitambua kabla sijamweleza. Alinishika mkono.

Kwa msomaji asiyeijua kesi hii, mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu takribani Wameru 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru, ili eneo hilo ligawiwe kuwa mashamba ya mifugo ya wazungu. Nyumba zilichomwa moto, ng'ombe wakaswagwa, na watu wakaelekezwa King'ori, ardhi ambayo wengi waliikataa. Wameru wakachangishana fedha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, kijana wao, alisafiri hadi New York akisaidiwa na wakili Seaton, wakaiweka kesi ya kijiji mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwataka Waingereza wairudishe ardhi lilikosa theluthi mbili za kura zilizohitajika katika Baraza Kuu, na kwa hesabu hiyo Wameru walishindwa. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchini akieleza aliyoyaona na kuyasema, na waliomsikiliza walijifunza kwamba ukoloni unaweza kushitakiwa. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954.

Mhadhiri hakuongeza chumvi. Aliweka tu watu watatu kwenye mstari mmoja: profesa wa Howard kwenye jengo la Umoja wa Mataifa, wakili wa Howard kwenye ofisi ya Moshi, na mkulima wa Meru kwenye kipaza sauti cha New York. Nimeifundisha kesi ya ardhi ya Wameru darasani mara nyingi kama sura ya kudai uhuru wa Tanganyika, na sikuwahi kuieleza kama sura ya historia ya watu weusi duniani, ingawa wakili wake alikuwa amevuka bahari kuja kwetu. Mwenye kosa hilo ni mimi, wala silaumu mtaala.

Wakati wa maswali, msichana aliyekuwa amemshika mama ngazini alimsogelea na kipaza sauti.

"Shikamoo bibi. Samahani, nimeona unalia. Bibi uliyajua mambo haya?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nilikuwa na miaka saba. Mama alibeba mdogo wangu mgongoni, mimi nikapewa kuku wawili nishike miguu. Mmoja alinitoroka njiani. Nilichapwa."

Ukumbi ulitulia kabisa. Msichana akamuuliza kama alimjua Kirilo, naye akajibu kwamba watoto hawakukaa karibu na wakubwa walipozungumza, lakini alikumbuka baba yake akiuza mbuzi na kusema kwamba fedha ile inakwenda ng'ambo kuongea. "Nilijua fedha huenda sokoni," alisema. "Sikujua fedha huweza kwenda kuongea." Kisha akauliza yule wakili wa Moshi alikuwa mtu wa namna gani. Mhadhiri akamjibu kwa Kiswahili, polepole, kwamba alikuwa mtu mweusi kutoka kisiwa cha mbali, na kwamba mkewe Alberta alikuwa Mmarekani mweusi, msomi wa elimu ya viumbe aliyesoma Howard pia. Seaton baadaye alikuwa jaji wa nchi yetu. Mama alifikiri, akasema, "Basi alikuwa ndugu." Alikaa chini. Wanafunzi walisimama kumpigia makofi, na baada ya mhadhara walimzunguka kwa karibu saa nzima, wakinakili majina ya vijiji na ya mito katika madaftari yao.

Tulipotoka nilimwomba kijana wa maktaba atuoneshe kama maonesho yalikuwa na chochote kuhusu Ngare Nanyuki, kwa kuwa Jumatano sikuwa nimekiona. Kilikuwapo. Bango la 19, lenye picha na ramani na maelezo mazuri, lilitundikwa nyuma ya mlango mkubwa wa kuingilia, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi mchana kutwa, hapakuwa na mtu aliyeliona. Nilimsomea mama maandishi yale kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, tukiwa tumesimama kati ya mlango na ukuta. Sikukasirika wakati ule, ila nilipofika nyumbani uchungu ulinijia. Waandaaji walikuwa na bango ambalo watu wa mkoa huu wangelitambua kwa macho ya nyumbani, nao wakalifunika kwa ubao wa mlango, huku sehemu ya mbele ikipewa picha za watu maarufu ambazo kila mwanafunzi amekwishaziona kwenye simu yake. Nasema hivi kwa kuwa kazi waliyoifanya ni njema na nataka iwe njema zaidi. Woodson aliikuta desturi ya watu wake akaitia elimu. Desturi na kumbukumbu za hapa zipo, wenye kuzisimulia wangali hai, na miaka ya kuwasikiliza inapungua.

Kwa anayepanga kuhudhuria mwakani: kiingilio ni halali kabisa kwa kile unachokipata, hasa kwa familia yenye watoto wa sekondari. Nenda siku ya mhadhara hata kama siku nyingine huziwezi, na ukimpeleka mzee, fika mapema ili akae karibu na mlango wa ukumbi. Chakula cha mchana kinatosha watu wawili wasio na njaa kali. Usitegemee mabango bila mwongozaji, mpaka maandishi ya Kiswahili yatakapowekwa.

Juu ya hilo nina habari. Jumamosi jioni, watu walipokuwa wakitawanyika, msichana yule alinifuata na karatasi mbili alizoziandika kwa mkono, tafsiri ya bango la 19, akaniomba nizikague. Nilirekebisha tahajia ya majina mawili ya mahali, na mahali alipoandika "wananchi walihama" nikamwomba aandike "walihamishwa". Mabango yatabaki maktabani hadi mwisho wa mwezi Machi, siku za kazi, bila kiingilio. La 19 sasa liko mkono wa kulia mara tu unapoingia, usawa wa macho, na karatasi zake zimebandikwa chini yake.